Nilitafuta ushauri nikapewa moyo

Kwanza niseme tu ukweli, hakuna mtu aliniambia nisirudi chuo. Hata mmoja. Mamangu alilia kwa simu, dada zangu wakanitumia yale makofi ya WhatsApp, pasta akaniombea mbele ya kanisa mpaka nikaona haya, na kila mtu hadi mama mboga akanitajia Maruge, yule mzee wa Eldoret aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84. Jamani, mimi nina 40. Kakangu naye mpaka leo akinipigia simu anauliza ngumbaru, ile shule ya watu wazima, inaendeleaje.

Moyo nilipewa hadi ukamwagika. Chenye nilikosa ni mtu wa kuniambia nibishe mlango gani.

Nilifanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, 2003, JAB, bodi ya kupeleka watu vyuo vikuu vya serikali, wakanichukua, tukangoja nyumbani karibu miaka miwili vile ilikuwa siku hizo, nikaingia chuo 2005. 2007 nikiwa mwaka wa pili nikapata mtoto, mamangu naye akaanza kuugua, pesa ya karo ikaishia hospitali. Nikafunga sanduku nikaenda zangu. Sikuandika barua, sikuaga ofisi yoyote, nilidhani ni semista moja tu halafu nirudi. Hiyo semista moja imekuwa miaka 18.

Kwa hivyo mwaka jana nikaomba ruhusa kazini nikaenda chuo changu cha zamani (jina nitaliacha, wako na shida zao) nikapanga laini kwa kaunta. Msichana wa pale, mtoto mzuri tu, akaniuliza, "Uliomba kuahirisha masomo ama ulipotea?" Nikamwambia nilipotea. Akaangalia kompyuta akasema sistimu hainijui, akanipea karatasi ya kozi mpya yenye picha ya kijana amevaa kofia ya gradueshoni anacheka. Nikatoka nje nikakaa kwa ngazi. Sijui kama nilikuwa nalia ama ni jua.

Sasa kuna mzee mmoja wa kubeba mafaili, wale wamekuwa hapo tangu enzi za Moi, alinipita mara ya kwanza, akanipita mara ya pili, ya tatu akasimama. "Mama, unatafuta nini?" Nikamweleza yote. Akaniambia, "Wewe usiombe kurudishwa. Kurudishwa ni maneno ya Senate, wale wakubwa wa masomo, utazeeka hapa. Omba transkripti ya matokeo ya mwaka ule ulimaliza, hiyo ni maneno ya rejista, halafu uende nayo mahali pengine wakuhesabie yuniti." Dakika mbili! Miaka yote nilikuwa nauliza swali si lenyewe. Nilitaka kumnunulia chai akakataa, akasema nimwombee tu mgongo.

Lakini transkripti hutoki nayo kama hujakliya. Unapewa fomu uzunguke kila idara wakupigie muhuri kwamba huna deni. Maktaba wakanipata na kitabu cha sosholojia nilichoazima Februari 2007, nikalipa, nikacheka peke yangu sababu sikukisoma hata kurasa kumi. Hosteli wakadai funguo ya rumu. Na funguo nilikuwa nayo! Ilikuwa kwa mamangu ushago ndani ya kopo la Blue Band pamoja na vifungo na sindano, ina kile kibati cha namba bado. Yule mama wa hosteli aliigeuza geuza mkononi akasema hiyo kufuli ilishatolewa kitambo sana, lakini akaipokea, akaandika kwa kitabu, akapiga muhuri.

Helb, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, nilikuwa naiogopa kuliko kitu chochote, na nadhani wengi wetu tumekwama hapo ndiyo maana hatusemi. Ukikosa kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi juu ya deni na riba, hesabu miaka yako uone kama utalala. Mimi bahati ni kwamba mwajiri wangu alianza kunikata kwa payslip kitambo, mwajiri anafaa kufanya hivyo kisheria, kwa hivyo kilichobaki kilikuwa ile miaka ya mwanzo nilikuwa natega kazi za hapa na pale. Nilipanda ofisi zao Anniversary Towers nikiwa natetemeka, nikatoka na karatasi yenye namba moja ya mwisho. Namba mbaya, lakini namba unaweza kuipanga. Wamewahi kutangaza kusamehe faini kwa wenye wanalipa deni lote mara moja, kwa hivyo uliza kabla hujatoa pesa. Na ukishajisafisha, kuna mkopo wao wa watu walioajiriwa unaitwa Jielimishe. Hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia maishani.

Wenye cheti cha KCSE kilibaki shuleni sababu ya karo, msikae roho juu. Sheria ya KNEC, baraza la mitihani, ya 2012 inasema cheti hakifai kushikiliwa na mtu ama shule yoyote. Enda ukichukue, na ukienda taja hiyo sheria kwa upole.

Kuchagua chuo kipya sitawachosha. Digrii wanataka C+ ya KCSE, kama hukuipata unapanda na diploma, ni ndefu lakini inafika. Angalia kama kozi yako imeidhinishwa kwa orodha ya tume ya vyuo vikuu, CUE, usiangalie bango la Thika Road. Nilifikiria sana Chuo Kikuu Huria, kile kilipewa chata 2023 kiko Konza, masomo yote ni kwa mtandao, lakini najijua, nikiwa nyumbani mimi ni mama tu, mtu ataniuliza chumvi iko wapi nikiwa katikati ya mtihani. Nikachukua masomo ya jioni tao. Chuo kipya kilinikubalia yuniti saba zangu za zamani. Saba! Nilizihesabu kwa matatu nikarudia tena.

Na fundi jirani yangu, ameunda mageti mtaa mzima na hana karatasi, nilimwelekeza afanye trade test, mtihani wa ufundi, ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na siku hizi kuna mpango wa KNQA, mamlaka ya sifa za masomo, wa kutambua ujuzi uliopata kazini. Bado anasema ataenda. Anasema hivyo kila Jumatatu.

Watu hawakuambii kuhusu jioni. Class inaisha saa mbili na nusu, mvua ikinyesha nauli ya kwenda Donholm inapanda mara mbili, nafika nyumbani saa nne nakuta kitinda mimba amelala na yunifomu. Mzee wangu siku za kwanza alisema ananisapoti, na kweli alikuwa ananisapoti kwa mdomo, mpaka nikaandika kwa karatasi Jumanne na Alhamisi chakula ni chako, nikabandika kwa friji. Hapo ndiyo tulielewana. Ugali wake ni mgumu lakini watoto hawajalalamika.

Kazini nako hakuna likizo ya masomo, bosi aliniambia hivyo akitabasamu. Kwa hivyo zile siku zangu 21 za likizo nimezikatakata kama sukuma, mbili CAT, ile mitihani midogo, tano mtihani wenyewe, Krismasi mwaka huu ushago watanisamehe. Karo ni mkopo wa Sacco, na wadhamini wangu wawili ni wamama wa chama chetu ambao hata sekondari hawakumaliza. Hao hawakunitumia makofi. Walitia sahihi.

Darasani naitwa auntie. Mwanzoni iliniuma, siku hizi naitika. Class rep ni kijana rika moja na kifungua mimba wangu, ndiye alinifundisha kupakia asaimenti kwa pota, na mimi humsaidia kuandika vitu vinavyoeleweka, tunalipana hivyo. Wiki iliyopita alinifuata mpaka steji, akaanza kuzunguka zunguka na maneno, mwishowe akatoa: mamake pia aliacha chuo, 2001, na anaona haya kuuliza mtu. Anaweza kunipigia?

Nikamwambia apige baada ya saa nne usiku nikishafika nyumbani. Na atafute admission number yake ya zamani, na kama ako na funguo ya hosteli asiitupe.