Kamba za mwani uani kwa mama

Juzi binti yangu ameniuliza, "Mama, ni kweli bibi aliwahi kurukwa na akili?" Ameyasikia kwa binamu zake walipokuja likizo. Nilimjibu kwa kifupi maana gari la shule lilikuwa linapiga honi, lakini tangu asubuhi ile Kigombe, kijiji chetu cha pwani ya Tanga, ya mwaka 2004 haijaniondoka.

Baba alizikwa, khitma ikasomwa, matanga yakaondolewa. Mikeka ikakunjwa, masufuria ya kuazima yakarudi kwa wenyewe, ndugu wa Muheza na wa mjini wakapanda magari yao. Mama akabaki na eda yake ya miezi minne na siku kumi. Akanyamaza.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, chai inapoa mkononi. Ukimwekea bada na samaki anamega tonge moja, ananawa. Ukimsemesha anaitikia "eeh", basi. Usiku nilimsikia akizunguka chumbani mpaka adhana ya alfajiri.

Wakubwa wakakaa kikao. Shangazi akasema huyu ana shetani, apungwe. Mjomba akasema apelekwe Lutindi. Na Lutindi kwetu ilikuwa haitajwi kwa sauti. Hospitali ile iko milimani Korogwe, inapokea wagonjwa wa akili tangu 1904, enzi za Mjerumani, lakini sisi watoto tulichokijua ni kwamba anayepandishwa kule harudi. Nilikuja kujua ukubwani kwamba wagonjwa wa kule hufanya kazi kwenye mashamba ya chai na karakana, na kwamba kazi hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe. Laiti mtu angetuambia siku ile, nisingelala nimeushika upindo wa kanga ya mama.

Kikao hakikuafikiana. Aliyeamua ni somo yake mama, ambaye hakuwamo kikaoni.

Zilikuwa siku za bamvua, maji yanakauka mbali, na wanawake wanaolima mwani walikuwa wametoka baharini. Kawaida yao walifungia mbegu za mwani kwenye kamba ufukweni, chini ya mkungu. Alasiri ile nikasikia hodi, kisha nyingine, kisha sauti nyingi pamoja. Wakaingia uani na viroba vinavyochuruzika maji, kanga zimelowa hadi magotini, na mabunda ya kamba mabegani. Somo akatandika jamvi karibu kabisa na kigoda cha mama. "Kule jua kali," akasema, ingawa mawingu yalikuwa yametanda. Hakumpa pole wala hakumwuliza amelalaje. Wakamwaga mwani katikati, uwanja mzima ukanuka bahari, wakaketi.

Kazi yenyewe ni hii: unachukua kipande cha mwani kinachojaa kiganja, unakizungushia kikamba cha nailoni kilichokwisha fungwa kwenye kamba kubwa, unapiga fundo, unasogea. Kamba moja ina vipande vingi, na mikono ikishazoea mdomo unakuwa huru. Wakaongea. Bei ya mnunuzi, mizani yake wasiyoiamini, binti wa fulani anayeolewa Pangani, mume wa fulani aliyerudi na changu wawili tu. Mama alikuwa akitazama mahali fulani juu ya ukuta wa makuti.

"Somo, nishikie ncha hii," somo akasema, akamwekea kamba mapajani bila kumtazama.

Mama akaishika. Akaishika tu, muda mrefu. Kamba ikawa inamvutavuta vidole kila somo alipopiga fundo. Mimi nilikuwa nimesimama na kata ya maji, naogopa hata kuyamimina mtungini. Nikaona macho yake yanashuka kutoka ukutani, yanafuata kamba, yanafika kwenye fundo ambalo somo alikuwa amelikaza.

"Hicho umekikaza mno," mama akasema. "Kitakatika."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza. Hakuna aliyeshtuka, hakuna aliyesema alhamdulillahi, na mpaka leo nawashukuru kwa hilo. Somo akalifungua fundo lile. "Basi nionyeshe," akasema. Mama akachukua kipande, akakifunga kwa kukilegeza, kikapata nafasi ya kunenepa. Akachukua cha pili.

Walirudi kesho yake, na kila bamvua, mpaka eda ikaisha. Mama akaanza kula, akaanza kugombana na sisi kuhusu kuni, akaanza kulia pia. Sisemi kwamba mwani ulimponya. Ipo miaka ambayo mwezi aliofariki baba ukiingia, usingizi unamkimbia tena, na aliwahi kuandikiwa dawa zilizomsaidia kweli. Lakini najua mtu hawezi kuifikia dawa hiyo kama hajapata kwanza wa kukaa naye.

Wale wanawake sasa wametawanyika. Bahari imezidi joto, kotonii, aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri, ikawa inaoza kwenye kamba, wengi wakaacha. Somo anaishi na mwanawe Dar es Salaam.

Na kaka yangu amefiwa na mkewe mwaka jana. Ni mvuvi. Wanaume walikuja, wakazika, wakakaa naye barazani, wakarudi kwenye ngalawa zao. Mwanamume hana eda, kwa hiyo hakuna aliyehesabu siku zake. Mama ndiye aliyeona kwamba hashuki pwani tena. Akawafuata wenzake mmoja mmoja, akawaambia nyavu zilizochanika wakazishonee uani kwake badala ya pwani. Wawili wamekwenda. Kaka anawapokea, anakaa nao, ila sindano hajaigusa, na sijui kama ataigusa. Nimempatia miadi na daktari wa afya ya akili mjini Tanga. Amekubali kwenda kama mama atafuatana naye, na mama amekwisha fua baibui.