Siku moja maishani mwangu: chumba cha CT na ukungu wa mapafu

Saa 12:40 asubuhi. Foleni haijaanza. Napasha moto mashine ya CT, ile inayopiga picha za mwili vipande vipande kwa eksirei, kisha naweka chombo cha maji katikati ya tundu lake nione inasoma ngapi. Kwenye kipimo cha Hounsfield, namba zinazoonyesha kitu kinazuia mionzi kiasi gani, maji ni 0, hewa ni hasi 1000, na mapafu mazima huzunguka hasi 800 hivi. Nimonia ya virusi ikianza huyapandisha kidogo tu, maana vifuko vya hewa vimeloa lakini havijajaa. Mashine ikikosea maji, itakosea na mapafu. Leo imesoma 1. Tuko sawa.

Saa 2. Picha za vichwa vitatu mfululizo, viwili vya ajali ya bodaboda.

Saa 3:20. Analetwa mzee mmoja kwa kiti cha magurudumu. Homa siku ya tano, kikohozi kikavu, oksijeni ya damu asilimia 91. Eksirei ya jana imeandikwa safi, na sishangai: eksirei hulaza kifua kizima kwenye picha moja, ukungu mwepesi ukajificha nyuma ya moyo. CT hukikata kifua vipande vya milimita 1.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, daktari."

Namweleza kwamba mimi ni mtu wa mionzi, daktari atasoma picha. Kisha tunafanya mazoezi: vuta pumzi, ibane, achia. Mara ya kwanza anakohoa. Ya pili pia. Namwacha atulie na oksijeni yake, nimemshika bega, na mara ya nne anaibana hadi mwisho. Najua nje watu wanasubiri, lakini hapa siharakishi. Mapafu yaliyonywea huonekana na weupe unaofanana kabisa na ugonjwa, na mtu anaweza kuandikiwa nimonia asiyokuwa nayo. Ndiyo maana picha ikitoka naangalia kwanza bomba la hewa: ukuta wake wa nyuma ukiwa umebonyea ndani, pumzi ilishatoka. Wa baba umetuna vizuri.

Na ukungu upo. Mabaka ya kijivu chini ya mapafu yote mawili, nyuma, karibu kabisa na ngozi ya pafu. Ni kama kioo cha dirisha la bafuni: mishipa ya damu bado naiona ikipita ndani yake. Vifuko vya hewa vingekuwa vimeshajaa usaha au maji, mishipa ingepotea. Ila mgonjwa aliyelala chali huweza kuwa na weupe wa nyuma kwa sababu ya uzito wa pafu lenyewe. Nampigia daktari bingwa, anakubali tumgeuze kifudifudi na kurudia sehemu ya chini tu. Ukungu haujahama, kwa hiyo si uzito wa pafu. Swali la kwanza la daktari ni kama baba amepimwa VVU, kwa kuwa nimonia ya kuvu inayowapata wenye kinga ndogo nayo huleta ukungu. Picha haitaji jina la kirusi, kwa hiyo kipimo cha pua kinachukuliwa palepale.

Saa 7. Wali maharage, dakika 15.

Saa 8:10. Binti wa miaka 20 na kitu, homa tangu jana jioni. Mama yake ameshika fomu: "Mpigeni CT tujue mapema." Oksijeni ya binti ni 98. Daktari anakaa chini na mama, anamweleza kwamba CT ya leo ikiwa safi haitamwambia kuwa mwanawe ni mzima. Mwanzoni mwa 2020, kwenye picha za wagonjwa wa korona wa China, zaidi ya nusu ya waliopigwa ndani ya siku 2 za dalili walikuwa na mapafu safi. Na mionzi ya CT ya kifua ni makumi ya mara ya eksirei moja. Kwa kifua cha binti hiyo si hesabu ndogo. Binti anachukuliwa kipimo cha pua, na mama anaelezwa dalili za kumrudisha haraka.

"Kwa hiyo mnamrudisha hivihivi?" Mama ananiuliza mimi mlangoni. Iliniuma, kwa sababu ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo. Nimemwonyesha namna ya kuhesabu pumzi za binti kwa dakika nzima, akiwa ametulia, tukahesabu pamoja: 18.

Saa 10:30. Nafuta kitanda na tundu la mashine, nafungua hewa. Simu kutoka wodini: baba amelazwa kifudifudi na oksijeni, amefika 95. Majibu ya pua bado.