Mbona Huyo Hakasiriki?

Ni siku ya nne leo tangu nimsomee mdogo wangu sura ya tatu ya riwaya ninayoiandika, na swali lake bado limenikwama kooni. Juma hili nimethibitishwa kazini na dada yetu amejifungua salama, lakini kila nikizima taa ninachokisikia ni sauti ya mdogo wangu tu, ikilitafuta lile neno la mwisho.

"Dada," alianza, "mbona huyo ha..."

Nami, niliyeishi naye miaka 27 na ninayejidai kumwandikia kitabu, nikadakia: "Hatembei? Atatembea kwa magongo katika sura ya sita."

Akatikisa kichwa, akafumba macho kama afanyavyo akikatizwa, akaanza upya tangu mwanzo, kwa kuwa kwake sentensi iliyokatwa haiungwi. "Dada. Mbona huyo... hakasiriki?"

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwamba mtindio wa ubongo ulimkaza misuli ya mikono na ya ulimi bila kuugusa ufahamu wake, na kwamba akiharakishwa misuli hiyo hukaza zaidi. Hata katika sura ya pili nimemtwisha mwalimu mmoja hotuba nzima kuhusu Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 (nitaifuta, maana hakuna mwalimu azungumzaye vile mbele ya watoto wa darasa la pili). Mjuzi wa yote hayo ndiye aliyeshindwa kungoja neno moja.

Nilimjibu kwamba huyo ni mhusika tu, si yeye. Akanitazama, akacheka kidogo, akairudia redio yake.

Jana usiku niliifungua tena sura ile nikitafuta pa kujitetea, nikajikuta nahesabu: katika kurasa 31, mhusika wangu anatabasamu mara 14 na hanuni hata mara moja. Ndipo nilipomkumbuka mdogo wangu mwenyewe, wa miaka tisa, siku nilipokuwa nikimlisha huku macho yangu yako kitabuni. Aliliachia gurudumu la kiti chake likapita juu ya vidole vyangu vya mguu, makusudi kabisa, kisha akamweleza mama, taratibu, silabi kwa silabi, kwamba nimejikwaa. Mama akamwamini, kwani nani angeushuku uongo unaochukua muda mrefu namna ile kutamkwa? Nilicheka peke yangu saa saba ya usiku, nikakiandika kisa chote kwa mkupuo mmoja, uongo wake nikauacha na vituo vyake vyote, pasipo mhusika yeyote wa kumdakia. Jumamosi nitamsomea, nikiwa nimeuma ulimi.

Mama alipiga simu asubuhi kuuliza jina la mtoto, nikamtajia. Alasiri akapiga tena kuuliza jina hilo hilo, wala hakukumbuka kwamba tumeshazungumza.