Tulikwenda Pemba kutazama ng'ombe, kandambili ya baba watoto ikabaki uwanjani

Mdogo wangu anaishi Marekani, mwaka jana katurushia video kwenye grupu la familia, kawapeleka watoto wake kwenye maonyesho watu wamevaa magauni ya kuburura na mavazi ya chuma, wanachomana mikuki juu ya farasi, na kila mtu kashika paja la bata mzinga kubwa kama rungu, ati ndio Ulaya ya miaka 500 nyuma, na kuingia unalipa. Wanangu wakanganda, mama na sie twende. Nikawaambia subirini skuli zifungwe twende Pemba kwa bibi, kule mambo ya miaka hiyo hiyo yapo na hakuna anoigiza.

Basi Januari tukapanda boti, watu watano, mabegi saba, na baba watoto ambae yeye ni mtu wa mjini Unguja, Pemba anakuja kwa ajili yangu na kwa ajili ya doriani tu. Njia nzima anawaambia watoto yeye ng'ombe hamuogopi, udogoni alikuwa anachunga. Kachunga wapi, Michenzani kwenye maghorofa ya mjini?

Asubuhi tukaanzia Pujini, si mbali na mji wa Chake Chake, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa huko. Usitegemee jumba, ni mabaki ya boma na kuta na miti imeota juu yake, lakini ni ya karne ya 15 ile, kabla hata Mreno hajaiona pwani hii. Jina lenyewe ndio anaekamua wanaume, na wazee wanasema aliwabebesha watu mawe huku wanajikokota kwa makalio, kusimama marufuku. Watoto wakajaribu hapo hapo, suruali mpya zile, hatua tatu wamechoka. Halafu kuna kisima kimekatwa ukuta katikati, hadithi yake bwana alikuwa na wake wawili hataki wakutane, mmoja anateka kwa ndoo na kamba upande huu, mwenzake anashuka ngazi upande wa pili. Mume wangu kakipenda sana kile kisima, kakipiga picha nne. Nilimtazama tu.

Alasiri ndio tukaenda kwenye mchezo wa ng'ombe, ule vijana wanacheza na dume uwanjani, kijiji cha pili yake, bibi kashavaa kanga mpya doti moja na mama zangu wadogo wote sare. Wanawake ndio wenye shughuli pale msidanganywe, wao ndio wanaoimba na kuchagiza, mwanamme akikimbia atatungiwa lake saa ile ile. Zumari ikalia, ngoma ikaitika, watu wako juu ya miembe mpaka matawi yanainama, chini malai ya ukwaju, bajia, mabuyu, mwanangu mdogo keshakuwa mwekundu mpaka masikioni.

Dume la kwanza pole, lilisimama linakula majani, likazomewa. La pili sasa! Jeusi, nundu imelala upande mmoja, kamba wameishika vijana sijui sita, na linawaburura wote kama kifurushi. Akatoka kijana mwembamba miguu mitupu, mkononi ana kitambaa cheupe, akakipunga mara moja taratibu, kama anafukuza nzi vile. Uwanja kimya, hata zumari nimeisahau. Likaja. Yule kijana hakukimbia wallahi, kageuza kiuno tu, pembe ikapita na kitambaa, vumbi likatuingia midomoni na bibi yangu wa miaka themanini na kitu yuko juu ya ndoo iliyopinduliwa anapiga vigelegele.

Mwanangu wa kati akaniuliza, watamchinja? Nikamwambia hachinjwi, anacheza kisha anarudi bandani kwake. Wengi wanasema mchezo huu tumeachiwa na Wareno, wale waliokaa pwani yetu mpaka walipotolewa Mombasa 1698, na huko kwao Ureno pia kawaida ng'ombe hauawi mbele ya watazamaji. Bibi hataki kusikia. Mreno gani, mchezo wetu huu, wazee walikuwa wakiucheza kuomba mvua. Kisha akageuka kwa yule kijana akapiga kelele, "Mpungie leso, mwanangu, mpungie leso!" Nikacheka peke yangu, maana leso ni neno la Kireno hilo, kama meza, kama bendera. Sikumwambia, nani anataka kulaaniwa.

Sasa mchungaji wetu. Wakati dume limeelekea upande wetu, na kamba bado wameishika, lilikuwa mbali jamani kama kutoka hapa mpaka mskitini, nageuka naona nafasi yake iko wazi na kandambili moja ya bluu. Yeye yuko juu ya mwembe na watoto wa skuli. Mama mdogo hakusubiri, hapo hapo kaanzisha nyimbo, mgeni wa Unguja kapanda kuchuma embe, na kundi zima likaitikia, na siku ya pili sokoni Chake muuza ndizi ananiuliza eti embe zilikuwa mbivu?

Video nilochukua mie ina dakika tatu, mbili na nusu ni mguu wangu. Mdogo wangu kule Marekani kaniandikia anataka kuona ng'ombe, nimemtumia picha ya kandambili.