Walimu wa fildi wa Kiingereza: nilivyopata kipimo changu

Kila vyuo vinapowatoa wanachuo kwenda mazoezi ya kufundisha, shule yetu ya kata hapa Kigoma hupata wageni. Wengine wanashuka na treni ya kati, wengine na basi la Kasulu, begi moja, godoro limeviringishwa, barua ya chuo ndani ya bahasha ya kaki. Mkuu wa shule anawagawa kwa idara, na wa Kiingereza wote wanaangukia kwangu kwa sababu idara ni yangu. Sisi tunawaita walimu wa fildi. Wanafunzi wanawaita Sir na Madam tangu asubuhi ya kwanza, hata kama Sir mwenyewe ndevu bado hazijaamua kuota.

Barua huja na fomu ya tathmini. Fomu za vyuo hazifanani, ila zote zilizopita mikononi mwangu zinauliza yaleyale. Azimio la kazi lipo? Andalio la somo limejazwa? Zana zipo? Sauti inasikika hadi nyuma? Ubao umepangwa? Mavazi je? Sina ugomvi na maswali hayo, yana maana yake. Lakini fomu hiyohiyo unaweza kumjazia mwalimu wa Jiografia au wa Kemia bila kugusa hata nukta. Hakuna mstari unaouliza kama watoto, baada ya dakika 40 za Kiingereza, wamesema Kiingereza.

Na kwetu kazi yote iko hapo. Mtoto anaingia kidato cha kwanza na Kiha cha nyumbani, Kiswahili alichosomea shule ya msingi, na Kiingereza cha kumwamkia mwalimu. Ghafla Baiolojia, Historia na Hisabati zote zimegeuka kuwa za Kiingereza. Jambo hili lilijulikana zamani: Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu nchini, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari ifundishwe kwa Kiswahili, Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliwapima wanafunzi wakakuta Kiingereza chao hakitoshi kubebea masomo. Mjadala wa lugha ya kufundishia nawaachia wenye nafasi ya kuuamua. Mwanafunzi wangu ana mtihani wa kidato cha pili, na utakuja kwa Kiingereza. Mwalimu wa somo hili akitoka chuoni hawezi kuwafungua watoto midomo, hasara inaenda hadi maabara.

Kwa hiyo nikatafuta kipimo kingine, na nilianza na kaunta buku. Naketi dawati la nyuma kabisa, nafungua kurasa mbili. Wa kushoto ni wa mwalimu, wa kulia ni wa wanafunzi. Kila mtu akisema sentensi yake mwenyewe ya Kiingereza, napiga kijistari. Kurudia aliyosema mwalimu hakuhesabiwi. Kuitikia kwa pamoja hakuhesabiwi, hata kama darasa zima limepasua bati. "Yes, Madam" ndiyo kabisa haina mstari.

Wa kwanza kuhesabiwa ni mimi. Siku ya kwanza nafundisha kidato cha kwanza, wao wanakaa nyuma na kaunta buku, halafu tunarudi ofisini na wananisomea nilichopata. Hilo linaondoa woga, na linaondoa pia ile dhana kwamba mwenyeji anakaa nyuma kutafuta makosa ya mgeni.

Nakumbuka kijana mmoja mwenye Kiingereza kizuri kweli, cha kusikiliza kwa raha. Alifundisha sentensi za kutendwa. Ubao ulinyooka, mifano ilikuwa sahihi, alieleza kila kanuni mara mbili. Kengele ilipolia nilimpa kaunta buku bila kusema kitu. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Madam, mbona huku hakuna kitu?"

"Hata mimi nilikuwa nasubiri, Mwalimu."

Alicheka, lakini jioni aliniletea andalio jipya. Lile la mwanzo lilikuwa na safu ya kazi za mwalimu imejaa na ya kazi za mwanafunzi ina "kusikiliza" na "kuandika notisi". Jipya lilianza upande wa mwanafunzi: watasema nini, na nani, kuhusu nini. Ndipo akaja kujaza upande wake. Tangu hapo maandalio yote ya fildi katika idara yangu yanajazwa kwa mpangilio huo, kuanzia kulia.

Wakati nahangaika na vijistari vyangu, rafiki yangu ambaye ni mkufunzi kule Tabora alinitumia kwenye simu viwango vya Wamarekani vya kuwaandaa walimu wa Kiingereza wa sekondari. Vimetolewa na NCTE, baraza la kitaifa la walimu wa Kiingereza la Marekani, lililoanzishwa Chicago mwaka 1911. Toleo la mwaka 2012 lilikuwa na viwango 7, la mwaka 2021 lina 5, kwa ajili ya wanaojiandaa kufundisha darasa la 7 hadi la 12 la kwao. Nilichokipenda kwanza ni kwamba mwenye kukaguliwa hasa ni programu ya chuo: je, inatoa walimu wa namna hii? Huku kwetu mzigo wote anabeba kijana wa watu mbele ya ubao, wiki chache, na mkufunzi mmoja aliyekuja na pikipiki na anawahi shule nyingine.

Cha pili ni utaratibu wake. Kiwango cha kwanza kinahusu mwanafunzi: mwalimu anamjua nani anamfundisha, anatoka wapi, ana lugha gani. Ujuzi wa somo unafuata, kisha kupanga vipindi, kisha kuvifundisha, kisha wajibu wa mwalimu katika taaluma yake. Fomu zetu zinaanza na makaratasi.

Hata hivyo sikuvichukua vizimavizima. Vile viwango vimeandikwa kwa watoto ambao wengi wao Kiingereza wanakisikia dukani, kwenye basi na kwenye runinga, kwa hiyo mwalimu wao anashughulika zaidi na fasihi, uchambuzi wa matini, na uandishi wa kina. Nilikuwa kama fundi aliyeletewa suti ya marehemu mrefu. Nilikata. Mambo ya fasihi niliyapunguza, ya vifaa vya kidijitali nikayaruka (umeme wetu una tabia zake), nikabaki na kumjua mwanafunzi, uandishi kama kazi ya kurudiwa, na mwalimu kuwa yeye mwenyewe msomaji na mwandishi wa lugha anayofundisha.

Hilo la kumjua mwanafunzi linachukua wiki yao ya kwanza. Hawafundishi. Wanakaa madarasani, wanakula uji na watoto mapumzikoni, na mwisho wa wiki kila mmoja ananiandikia ukurasa mmoja kwa Kiingereza kuhusu mkondo aliopewa. Nani anaongea Kiha kitupu nyumbani, nani alisoma shule ya Kiingereza hadi ada ikashinda, nani ana ndugu ng'ambo ya ziwa na anajua Kifaransa cha Kongo kidogo. Wengine hulalamika kwamba wamekuja kufundisha, si kufanya sensa. Nawaelewa. Lakini ukurasa huo unanipa pia Kiingereza chao, kabla sijawakabidhi watoto zaidi ya 70.

Kwenye uandishi ndiko nilikotumia muda mwingi. Binti mmoja alikuwa amewapa kidato cha pili insha kuhusu kutembelea hifadhi ya taifa, kichwa alichokitoa kitabuni. Insha zikaja zote zinafanana, simba wale wale, twiga wale wale, maana walinakili kwa mmoja aliyenakili kitabuni. Nikamwambia abadilishe. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Hakuna nyumba ya huku ambayo haikuguswa. Akawaandikia ubaoni: "When the lake was closed". Safari hii walijaza kurasa.

Tukakaa naye ofisini na rundo la madaftari. Alikuwa na kalamu nyekundu na daftari la juu lilishaanza kutoka damu. Sentensi ya kwanza ilikuwa "My mother he sell dagaa at Kibirizi."

"Umeona nini hapa?" nikamuuliza.

"Makosa, Madam. Mengi."

"Sawa. Amesema nini?"

Ilibidi asome upya. Mtoto alikuwa anaeleza kwamba mama yake alikuwa akidamkia mwalo wa Kibirizi kupokea dagaa wa karabai mitumbwi ikirudi. Kwamba siku za mbalamwezi huwa wanapumzika kwa kuwa taa haivuti samaki. Kwamba lakini hiyo ya miezi mitatu haikuwa mbalamwezi, na mama aliuza mawese hadi mtaji ukaisha. Yote hayo yalikuwa mle ndani, kwa wakati uliopo badala ya uliopita, na mama akiitwa "he" mwanzo hadi mwisho.

Tulikubaliana hivi: usomaji wa kwanza hauna kalamu nyekundu. Mwalimu anaandika chini ya insha swali moja la kweli kuhusu habari yenyewe. Yeye aliuliza mawese yaliuzwa wapi. Usomaji wa pili unashika kosa la aina moja tu kwa darasa zima, na wiki ile lilikuwa ni "he" na "she", ambalo kwa mtu aliyezoea "a-" ya Kiswahili si uzembe. Mtoto anarudia insha, anajibu swali, anarekebisha kosa hilo moja. Wiki inayofuata ni wakati uliopita. Yule binti aliniuliza makosa mengine yanaenda wapi. Yanasubiri zamu yao, nikamwambia. Insha ya pili ya yule mtoto ilirefuka kwa nusu ukurasa, mama akiwa "she" isipokuwa sehemu mbili.

Kiswahili darasani nacho kina utaratibu. Sipigi marufuku, na ubao wa kumvisha shingoni mtoto aliyeongea Kiswahili sitaki kuuona. Mwalimu wa fildi anaruhusiwa Kiswahili kueleza jambo lililokwama, au kumtuliza aliyeaibika. Haruhusiwi kutafsiri kila sentensi aliyotoka kuisema, maana mtoto akishagundua tafsiri inakuja, Kiingereza anakipitisha tu masikioni.

Nusu saa kabla ya kwenda nyumbani tunasoma pamoja, gazeti la Kiingereza la jana au la juzi kadiri lilivyofika, na kila mmoja anaandika aya moja. Na mimi naandika. Ni jambo dogo na sina la kuongeza, ila hilo ndilo wanaloniulizia wakishaajiriwa.

Mgongano ulikuja siku ya tathmini. Kijana wa sentensi za kutendwa alichagua Ujiji. Watoto wetu wanapita karibu na makumbusho kila siku, pale ambapo mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa New York Herald, alimkuta Livingstone mgonjwa na aliyeishiwa mahitaji, na kwa maelezo ya Stanley mwenyewe akamsalimia "Dr. Livingstone, I presume?" Kijana aliwapanga wawiliwawili: mmoja amefika, mwingine ni mwenyeji ambaye hajapata barua siku nyingi. Muulizane. Darasa likawaka. Mmoja aliuliza amelipa nauli shilingi ngapi, mwingine akataka kujua kama mgeni amekuja na dawa. Mkufunzi kutoka chuoni alisimama mlangoni, akaandika: darasa halina utulivu.

Baadaye ofisini nilimpa chai na kaunta buku. Akahesabu kurasa za kulia za siku ile, akarudi kwenye kile kipindi cha kwanza cha kijana huyo, akahesabu tena. Maksi za utulivu hakuzibadilisha. Alisema fomu imeshajazwa kwa wino. Ila kwenye nafasi ya maoni aliongeza mistari miwili kuhusu wanafunzi kuzungumza wenyewe, na akapiga picha ya ukurasa kwa simu yake.

Tangu wakati ule nimeandika kipimo changu kwenye karatasi moja: ukurasa wa mkondo, vijistari vya kulia vya kipindi cha mwanzo na cha mwisho, insha moja ya mwanafunzi kabla na baada ya kurudiwa, na aya za mwalimu mwenyewe. Chuo kimoja kilipiga simu kuomba nakala. Vingine havijasema kitu. Fomu zao naendelea kuzijaza safu zote, mavazi yakiwemo, halafu karatasi yangu naibana nyuma kwa pini.