Kuvuka bahari kufuata magari ya udongo

Ukikaa Palmerston North, Nyuzilandi, huhitaji kuambiwa kwamba leo kuna mbio za magari. Uwanja uko mjini kabisa, kutoka Square, katikati ya mji, unafika kwa miguu, na Jumamosi jioni za kiangazi ngurumo za injini zinaingia hadi jikoni. Mji huu umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo. Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa tulianza kwa kuzisikia tu zile ngurumo, baadaye tukaenda kuangalia, na mwisho tukawa na dereva wetu.

Dereva huyo ni mteja wa gereji ninayofanyia kazi ya kunyoosha bodi. Wiki nzima anaendesha lori la maziwa. Jumamosi anavaa ovaroli isiyoshika moto na kujifunga mikanda ndani ya gari lenye herufi P. Kila gari la speedway, yaani mbio hizi za kwenye udongo, nchini Nyuzilandi hubeba namba na herufi ya uwanja linakotoka: P ni Palmerston North, C ni Christchurch, N ni Nelson. Anayetwaa ubingwa wa taifa huweka namba yake ya kawaida kando, akabandika 1NZ mpaka ubingwa ugombewe tena. Wa pili hubeba 2NZ, wa tatu 3NZ. Mtoto wa miaka 6 akiliona gari la 1NZ likitoka anajua nani anapita.

Ubingwa huo hauna makao. Unahama uwanja hadi uwanja, na mashabiki wanahama nao. Safari hii mbio za magari ya daraja la Saloon ziliangukia Woodford Glen, karibu na Kaiapoi, kaskazini kidogo mwa Christchurch. Kwa watu wa Kisiwa cha Kaskazini maana yake ni moja: kuvuka bahari na trela.

Tuliondoka usiku wa manane, gari la mbele likivuta trela lenye gari la mbio chini ya turubai, sisi tukifuata nyuma na magodoro, majiko ya gesi na blanketi. Nilikuwa na jirani yangu, mzee wa Uvira. Mimi ni mtu wa Ujiji, kwa hiyo tuna ziwa moja. Yeye ananiita mwanangu, nami namwita mzee. Tangu siku ya kwanza aliyokanyaga uwanja wa hapa hajakosa mbio hata moja kama mvua haijaziahirisha. Tukapita Shannon na Levin gizani, tukashuka pwani, na kabla hakujapambazuka tulikuwa kwenye foleni ya feri Wellington.

Foleni ile peke yake inatosha kumfanya mtu apende mchezo huu. Trela mbele, trela nyuma, herufi za viwanja vya Kisiwa cha Kaskazini zikichungulia chini ya maturubai. Watu ambao Jumamosi wanagombea kona moja walikuwa wanagawana chai ya chupa. Mmoja alikuwa anauliza kama kuna mwenye beringi ya gurudumu la trela, na kabla hajamaliza sentensi alikuwa nayo mkononi.

Kuvuka Mlangobahari wa Cook huchukua kama saa tatu na nusu. Bahari yake ina sifa mbaya, na watu wa Wellington hawajaisahau meli ya Wahine iliyozama mlangoni mwa bandari yao Aprili 1968. Nilikuwa na wasiwasi na mzee. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika usiku na wanawe, vita vikiwa nyuma yao, akafika Kigoma na kuishia kambi ya Nyarugusu. Tangu hapo hakuwahi kupanda chombo cha majini. Alisimama sitaha ya nje muda mrefu, mkono kwenye chuma, upepo ukimpiga. Nikamsogelea nikamuuliza kama angependa tuingie ndani.

“Hapana mwanangu. Ile safari nilikuwa naondoka. Hii naenda kutazama magari.”

Ndani, mashabiki wazee walikuwa wanazungumzia Western Springs, uwanja wa Auckland uliokuwa na mbio tangu 1929 na ambao mbio zake zilifikia kikomo mwaka 2025. Waliuzungumzia kama watu waliotoka kuzika. Mwanamke mmoja alisema baba yake ndiye aliyempeleka pale akiwa mtoto mchanga, masikio yamezibwa pamba. Naelewa uchungu wao. Uwanja wa udongo ukishapewa kazi nyingine si rahisi urudi, kwa sababu majirani wapya hawatakubali kelele walizozoea majirani wa zamani.

Kutoka Picton, bandari inakofika feri, hadi Christchurch ni kilomita 340 hivi, na sehemu nzuri ni ile ya katikati. Baada ya Seddon unaona mashamba ya chumvi ya Lake Grassmere, maji ya rangi ya waridi na milima myeupe ya chumvi iliyorundikwa. Mzee akashusha kioo. “Wana Uvinza yao!” Kisha barabara inaikumbatia bahari, reli upande mmoja na mwamba upande mwingine. Tetemeko la Novemba 14, 2016, la ukubwa wa 7.8, liliangusha milima juu ya barabara hii na kuinua sakafu ya bahari, hata miamba iliyokuwa chini ya maji ikabaki nchi kavu. Njia ilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Msimu ule, dereva wetu alitueleza, waliokuwa na mbio upande wa pili walizunguka kwa Lewis Pass, milimani, wakivuta trela nyuma ya malori ya mizigo yaliyohamishiwa njia ile ile. Walizunguka, lakini walifika. Tukasimama Ōhau Point watoto wa dereva wawaone sili waliolala juu ya mawe, tukaendelea.

Tulifika Woodford Glen upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma. Watu wa Canterbury wanaujua vizuri: unashuka kutoka Southern Alps ukiwa mkavu na wa moto, nguo zinakauka kwenye kamba kabla hujamaliza kuzianika. Kwa uwanja wa udongo ni balaa. Gari la maji lilikuwa linazunguka bila kupumzika, greda nyuma yake likisawazisha, halafu magari yakaingizwa kuzunguka polepole ili matairi yaushindilie udongo.

Hapo ndipo mzee alipoomba aruhusiwe kusogea ukingoni. Nyarugusu aliishi kwa kufyatua matofali. Aliokota bonge la udongo lililorushwa nje na tairi, akalifinya, akalifungua, akaliangalia linavyopasuka pembeni. Akalisugua kwa kidole gumba hadi likang'aa.

“Juu limeshika maji, chini ni kavu,” akaniambia. “Mwambie kijana huu mstari wa ndani utakufa mapema. Atafute nje.”

Nilimfikishia dereva. Hakucheka. Alikuja mwenyewe, akachukua lile bonge, akalifinya vile vile, kisha akaenda kuongea na fundi wake wa matairi. Sijui walibadilisha nini, lakini nilimwona fundi akirudi na kisu cha kuchonga mpira.

Asiyezijua mbio hizi huona magari yanateleza tu. Hayatelezi ovyo. Dereva anaingia kona kwa kuulegeza mkia wa gari, usukani ameugeuzia upande wa pili, na anatumia mafuta, si breki, kuamua gari litazame wapi. Anatafuta udongo wenye unyevu kwa sababu ndio unaoshika tairi. Usiku unavyokwenda, mstari ambao kila mtu anaupita hukauka, unakuwa mweusi na laini kama sahani, na mwenye akili anahamia kwingine kabla wenzake hawajashtuka. Na hili ni daraja ambalo kugongana hakuruhusiwi. Kwenye stockcar kumgonga mwenzako ni sehemu ya mchezo, lakini kwenye Saloon ukimsukuma mtu unaadhibiwa. Kwa hiyo kupita mtu ni lazima upite kweli.

Magari yenyewe yana sura za Ford Falcon na Holden Commodore, ingawa chini ya bodi ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa kumlinda dereva. Falcon ya mwisho ilitengenezwa Australia mwaka 2016, na mwaka uliofuata Holden nao wakafunga kiwanda. Barabarani zinapungua. Huku bado watu wanazipaka rangi mpya kila msimu, na mimi ninayezinyoosha nazipenda kwa sababu hiyo.

Kila dereva alipangiwa kuanzia nafasi tofauti katika kila mchujo, mbele safari hii, nyuma safari ijayo, pointi zikijumlishwa. Dereva wetu alianza vibaya. Usiku wa kwanza alikwama nyuma ya msongamano, akarudi na matope hadi kwenye rejeta. Mashabiki wa C walikuwa wengi na wana sauti, na wana haki ya kujivuna: mji wao ndio uliomtoa Ivan Mauger, bingwa wa dunia wa pikipiki za speedway mara 6. Walitukaribisha kwenye ukingo wao wa nyasi, tukatandika blanketi, tukala soseji zao za mkate nao wakala sambusa zetu.

Usiku wa pili ndipo udongo ulipofanya alichosema mzee. Kwenye mchujo wa mwisho magari yalitoka mawili mawili, taa ya kijani ikawaka, na kwa mizunguko michache ya kwanza wote walibanana ndani. Kisha walio ndani wakaanza kupoteza kona: mkia unazidi, wanapunguza mafuta, wanapitwa. Dereva wetu alikuwa ameshapanda nje, karibu na ukuta wa zege, ambako bado kulikuwa na mkanda mwembamba wa udongo mbichi. Alimpita mmoja, akawapita wawili kwa mpigo mmoja mbele yetu, udongo ukiturukia hadi kwenye blanketi. Mzee alikuwa amesimama, mikono yote juu, anapiga kelele kwa Kiswahili, “Nje! Nje! Kaa nje!” Mwanamume wa C aliyekuwa jirani yetu naye akaanza kupiga kelele “Nje!” bila kujua maana yake.

Alimaliza mchujo ule akiwa nafasi ya pili. Ubingwa ulikwenda kwa mtu wa Kisiwa cha Kusini aliyekuwa amekusanya pointi tangu usiku wa kwanza, na aliustahili. Kwa jumla wetu hakuingia tatu bora. Lakini baada ya mbio uzio hufunguliwa na mashabiki wanaingia walipo madereva, na mtu wa greda, aliyekuwa ameshasimuliwa habari zile, alikuja kumtafuta mzee. Walisimama kwenye kona ya pili wakachimba kwa kisigino, kila mmoja akimwonyesha mwenzake. Mzee hakuwa na Kiingereza cha kutosha, nikawa natafsiri: mchanga kiasi gani, maji yamwagwe saa ngapi, kwa nini upepo ule unadanganya uso wa udongo. Yule bwana aliandika nyuma ya tiketi.

Tulifunga turubai usiku ule ule kwa sababu feri ilikuwa inatungoja Picton. Bampa ya nyuma ilikuwa imeng'oka na bawa la kulia, lile bati la juu ya gurudumu, limekunjika mahali alipougusa ukuta. Jumamosi iliyofuata alikuwa na mbio nyumbani, kwa hiyo gari lilipofika Palmerston North halikwenda kwake. Lilikuja moja kwa moja gerejini, na nilianza na bawa.