Shem, umepima mkojo?

Kituo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo ninachofanya kazi huku Texas, zamu ya kwanza ya wagonjwa huanza saa kumi na moja alfajiri, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kiti cha karibu na dirisha huwa cha mzee mmoja aliyepigana Vietnam. Ana kofia nyeusi yenye nembo ya kikosi chake, haivui hata mashine ikishaanza kuvuta damu. Anakaa pale masaa manne. Akimaliza natoa sindano, nambana pale mkononi mpaka damu ikatike, na hapo ndipo huwa tunaongea. Siku moja akaniambia jeshini walimpima kila kitu, macho, meno, nyayo, akiingia wakampima na akitoka wakampima, lakini alivyorudi uraiani ikapita miaka zaidi ya thelathini hakuna mtu aliyemwambia hebu kojoa kwenye hiki kikopo tuangalie figo zako. Alipokuja kuambiwa zilikuwa zimeshakwisha.

Nimekaa na hayo maneno muda mrefu, na leo nayaandika kwa sababu ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye amenikubalia nisimulie mradi nisimtaje jina.

Shem alikuja hapa kusoma. Ada ikamshinda, na wakati huo kulikuwa na ule mpango wa MAVNI ulioanza 2009, jeshi la Marekani lilikuwa likichukua wageni wenye viza halali wenye ujuzi wa udaktari ama wanaojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha, alafu unapewa uraia haraka haraka. Vijana wengi wa kwetu walipitia mlango huo kabla haujafungwa 2016. Akatumikia miaka minne, akatoka salama na karatasi safi ila goti moja bovu, akaingia kwenye malori.

Sasa hilo goti. Aliyepita jeshini anajua, ukiumwa mgongo unapewa ibuprofeni, ukiumwa goti ibuprofeni, zile kubwa za miligramu 800, vidonge vinatafunwa kama njugu. Shem alipotoka akaendelea nayo, anainunua dukani chupa ya vidonge 500, asubuhi viwili vitatu, jioni tena, manake lori halisubiri goti lipone. Na sisi nyumbani tulikuwa tunaona ni kawaida tu, brufeni nani hajameza. Mimi ninayeshinda kwenye mashine za figo siku nzima nilikuwa namuona akimeza na sikusema kitu, na hilo linaniuma mpaka leo. Kuna utafiti uliotoka 2019 waliofuatilia wanajeshi zaidi ya 760,000 wa Marekani, wakakuta waliokuwa wakipewa sana dawa za kundi hilo hatari yao ya kuumia figo ilikuwa juu kwa karibu asilimia 20 kuliko wasiopewa. Kwa mtu mmoja mmoja si hatari kubwa, lakini weka juu yake presha ambayo haijatibiwa, weka maji kidogo barabarani na vyakula vya chumvi vya vituo vya mafuta, utaona inavyokuwa.

Kilichomuokoa ni leseni. Madereva wa malori lazima wapimwe ndio waruhusiwe kuendesha, presha inapimwa na mkojo unatumbukizwa kijiti. Presha ikasoma 168 kwa 104, mkojo ukaonyesha protini. Wakampa cheti cha miezi mitatu tu badala ya miaka miwili, wakamwambia akamuone daktari. Akanipigia akiwa kwenye maegesho, "Shem, hii protini si ndo nzuri ya misuli?" Nikamwambia protini ikiwa kwenye mkojo maana yake figo zinavuja, nikamuuliza, mkojo wako unatoka na povu? Akanyamaza. Akasema povu lipo, tangu mwaka jana, kama la Omo, alidhani ni dawa ya kusafishia choo.

Nikamwambia aende VA. Na jibu alilonipa ndilo limenifanya niandike: "VA si ni ya waliokatika miguu?"

Hapana. Wallahi hapana. VA ni wizara nzima ya serikali ya maveterani, yaani waliowahi kutumikia jeshini, yenye hospitali zake nchi nzima, na kwa aliyejiunga miaka hii, ukiwa umetumikia miezi 24 mfululizo, au muda wote ulioitwa, na hukufukuzwa kwa aibu, una haki ya kuomba. Huhitaji kuwa umepigwa risasi wala kuwa mzungu mzee. Tena tangu sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 2022, alafu VA ikafungua mlango zaidi Machi 2024, aliyekumbana na sumu kazini, moshi wa yale mashimo ya kuchomea taka Iraki na Afghanistan, kemikali, na vitu kama hivyo, anaweza kujiandikisha kwa matibabu bila hata kuanza kwanza kuomba fidia. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoongeza presha kwenye orodha ya magonjwa yanayohesabiwa kuwa yametokana na ile dawa ya kuua majani waliyoimwaga Vietnam, maana yake yule mzee wangu wa dirishani presha yake, ile ile iliyomla figo, sasa serikali inakubali ilitoka huko bila yeye kuhangaika kuthibitisha. Imekuja kwa kuchelewa mno, miaka karibu hamsini baada ya vita kuisha, lakini imekuja.

Mambo ya figo na jeshi yana historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa vita vya Korea majeruhi waliopoteza damu nyingi figo zilikuwa zinazima, wakawa wanakufa hata kama kidonda kimetibiwa vizuri, mpaka 1952 jeshi likapeleka mashine ya figo kwenye hospitali ya Wonju, karibu na mapigano, na vifo vya hao waliozimikiwa figo vikapungua sana. Na daktari Joseph Murray aliyepandikiza figo ya kwanza iliyofanikiwa, Boston, Desemba 1954, wazo lilimjia akiwa daktari wa jeshi akiwabandika ngozi wanajeshi walioungua, na mgonjwa wake Richard Herrick alikuwa ametoka kwenye walinzi wa pwani, pacha wake Ronald ndiye aliyempa figo. Mi napenda sana hiyo hadithi ya ndugu wawili.

Lakini ninayoipenda zaidi haina upasuaji. Ni ya hospitali za VA zenyewe, miaka ya sitini, daktari Edward Freis. Wakati huo madaktari wengi walikuwa hawajakubaliana kama presha ni ya kutibiwa ama ni ya kuachwa tu. Freis na wenzake wakachukua maveterani 143 wenye presha kali, nusu wakapewa dawa, nusu vidonge vitupu. Majibu yalitoka 1967. Waliopewa vidonge vitupu 27 walipatwa na makubwa, wengine wakafa. Waliopewa dawa, wawili tu. Kwa hiyo kila nesi anayekufunga ule mkanda wa presha pale Coast General ama Muhimbili, sehemu ya sababu ni wale wanaume 143. Na presha pamoja na sukari ndizo zinazojaza viti vyangu mpaka leo.

Shem akaenda. Kujiandikisha kulikuwa na foleni na simu za kusubirishwa, siwezi kudanganya kwamba ilikuwa laini, mara mbili alitaka kuacha na mara mbili mume wangu akampeleka mwenyewe kwa gari. Lakini alipomfikia daktari wakampima damu na mkojo siku hiyo hiyo, na kipimo cha kazi ya figo kikasoma 48. Mwenye figo nzima anatakiwa awe juu ya 90 hivi, kuanzia 60 kushuka chini kwa miezi mitatu na zaidi unaitwa mgonjwa, na ukifika chini ya 15 ndio unakaribia kuja kwangu. Kwa hiyo alikuwa ameshapoteza karibu nusu na hakuna kilichomuuma. Hapa Marekani mtu mzima mmoja kati ya saba ana ugonjwa huu na tisa kati ya kumi hawajijui, hawajijui kabisa, wanaendesha malori.

Hicho kipimo nacho kina kisa. Zamani hesabu ya figo iliyotumika hapa nchini ilikuwa ukiandikwa mtu mweusi jibu lako linazidishwa, karibu asilimia 16 juu, eti sisi tuna misuli mingi. Sasa fikiria. Ili uanze kuhesabiwa muda kwenye foleni ya kupandikizwa unatakiwa uwe 20 kushuka. Mtu mweusi aliyekuwa 18 alikuwa anaandikwa karibu 21, anaambiwa bado bado, rudi baadae, wakati jirani yake mzungu mwenye damu inayosoma vile vile ameshaingia foleni. Miaka na miaka. Mwishoni mwa 2021 wataalamu wakaitoa hiyo rangi kwenye hesabu, VA nayo ikaacha mwaka uliofuata, na kuanzia Januari 2023 hospitali zote za kupandikiza zikaamriwa ziwarudishie wagonjwa weusi muda wao uliopotea. Yule mzee wangu ni mweusi. Nilimsaidia kupiga simu kuuliza muda wake. Wakamrudishia miaka, akavua kofia mara ya kwanza tangu nimjue, akaiweka mapajani akawa anaiangalia tu.

Kuhusu yale makubwa ya serikali: Julai 2019 Trump alisaini amri ya figo, malengo yake yalikuwa mazuri, kufikia 2030 wanaofikia figo kufa wapungue kwa robo, na kufikia 2025 wagonjwa wapya wanane kati ya kumi wawe wanasafishwa damu nyumbani ama wamepandikizwa. 2025 imeshapita, na viti vyetu vimejaa zamu zote tatu. Kusafishia nyumbani ni kuzuri kwa mwenye nyumba tulivu na mtu wa kumsaidia na mahali pa kuweka maboksi ya maji yale ya dawa, lakini wengi wa maveterani ninaowaona wanaishi peke yao kwenye chumba kimoja, na mi sioni vipi amri peke yake itampa mtu wa kumshika mkono. Sheria ya MISSION ya 2018 ndiyo naiona imegusa watu kweli, kwa sababu iliipa VA ruhusa ya kulipia upasuaji wa mtu anayemtolea veterani figo hata kama mtoaji mwenyewe hajawahi kuvaa gwanda. Mke, mtoto, shemeji. Mi nilishamwambia shem, ikifika huko tutapimwa wote nyumbani.

Ila nataka isifike. Daktari wa VA alimkataza brufeni siku ile ile, goti wakampeleka mazoezi, presha wakampa lisinopril inayopunguza pia ile protini, alafu wakamuongezea empagliflozin, dawa iliyoanzia kwa wagonjwa wa sukari lakini utafiti mkubwa wa 2022 ukaonyesha inachelewesha figo kuharibika hata kwa asiye na sukari. Dukani bei yake ni ya kutisha, VA anachangia dola chache. Ameacha noodles za chumvi, anapika mwenyewe ndani ya lori. Miezi minane sasa kipimo kipo 47, 49, 48. Hakijashuka. Povu limepungua. Cheti chake cha udereva amepewa cha mwaka mzima.

Kinachonikera ni sisi. Kwenye grupu zetu za WhatsApp huku, miaka mitatu hii nimechangia mazishi ya wanaume watano wa chini ya miaka sitini, mwili kusafirishwa mpaka Nairobi ama Mombasa ni maelfu ya dola na tunazipata kwa wiki moja, harambee, pilau, spika, kila mtu yupo. Wawili kati ya hao watano walikuwa maveterani. Hakuna aliyewahi kujiandikisha VA. Mmoja niliambiwa na mkewe kwamba alikuwa ananyamaza kuhusu presha asije akapoteza leseni. Kaka zetu, dada zetu pia mliotumikia, mnaogopa kupimwa kwa sababu ya kazi, lakini viti vyangu ni mara tatu kwa wiki masaa manne, na kazi ya lori ikifika hapo huwezi tena kuifanya.

Jumamosi hii shem amewaita wenzake wanne nyumbani, wote walipitia MAVNI, mimi napika biriani ya kuku, chumvi kidogo, tujaze fomu za VA pamoja mezani. Kila mmoja aje na DD214 yake, ile karatasi unayopewa ukitoka jeshini. Wawili wameshasema hawajui karatasi iko wapi, moja nahisi ilibaki Kisumu kwa mama mzazi, na nimewaambia waje tu, inaombwa bure kutoka hifadhi ya serikali kule St. Louis, tutaiomba hapo hapo mtandaoni kwa simu. Kijiti cha mkojo nimenunua boksi zima.